Bakshishi ya Mkwe

Hotelini walimwita Lifti. Jina hilo lilimpata mwaka wake wa kwanza kazini, pale lifti ya hoteli ilipoharibika na fundi akawa wa kesho-kesho, naye, kijana mwenye miguu ya mbuzi, akawa ndiye anayepandisha masanduku ya wageni kwa ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa. Lifti ilitengenezwa, jina likabaki. Nyumbani alikuwa Baba, na kwa mkewe alikuwa Mzee, ingawa mvi zake zilikuwa bado hazijashika kichwa.

Kubeba mizigo, alisema yeye, hata punda anaweza. Kazi yenyewe inaanza pale mzigo unapotua. Ukishaingia chumbani na mgeni, fungua pazia taratibu, mwangaza usimchome macho. Washa taa ya kitandani uizime, ajue inafanya kazi. Mwonyeshe bafu: "Bomba la kushoto ndilo la moto, liache litiririke kidogo kwanza." Kisha rudi nyuma hadi mlangoni bila kumpa mgongo, mkono wa kulia ukae mbele kidogo, kiganja kikiwa wazi kama cha mtu aliyesahau kukifunga, useme, "Mkihitaji chochote, sisi tupo." Halafu nyamaza.

Hapo penye kunyamaza ndipo palipokuwa na riziki. Ukiondoka mapema, mgeni hapati nafasi ya kukumbuka mfuko wake. Ukizidisha, anakuona kupe. Vijana wapya walikuwa wakikohoa, wengine wakisugua vidole, na Lifti aliwakemea kama baba. "Huko ni kuomba. Bakshishi haiombwi, inasubiriwa." Mshahara wa hotelini ulikuwa wa kuonja tu. Paa la nyumba yake, karo za watoto, hata jiko ambalo mkewe alipikia, vyote vilitoka katika kile kimya cha mlangoni. Wala hakuwahi kuona haya. Mkono mtupu haulambwi, alikuwa akisema, na wa kwake ulilisha watu.

Binti yake mkubwa aliolewa mji wa mbali. Sherehe ilifanyika hukohuko kwa akina bwana harusi, katika heka heka za watu wengi, kwa hiyo wakwe walikuwa hawajawahi kukanyaga nyumbani kwa Lifti. Binti alipojifungua alikuja kupumzika kwa mama yake, na haukupita muda mrefu mumewe akapiga simu kwamba anakuja na wazazi wake kumwona mjukuu.

Nyumba ikapinduliwa. Lifti na mkewe walitoa chumba chao cha kulala, wao wakahamia sebuleni. Mama alipanga chakula, Lifti akajipa kazi ya chumba. Alitandika shuka kwa namna ya hotelini, pembe zikakaza kama bahasha. Taulo akalikunja likawa ndege mwenye shingo ndefu, akamweka katikati ya kitanda.

Mkewe alisimama akamtazama yule ndege. "Sasa mtu akitoka kuoga ajifute na nini? Na huo mdomo wa ndege?"

"Ndiyo heshima ya chumba, mama."

"Haya. Asije tu akataga humo."

Lifti alikuwa ameomba ruhusa kazini, na siku ya wageni alivaa shati jipya. Gari lilipoingia mchana ule, alikuwa langoni kabla injini haijazimwa. Akafungua mlango wa nyuma, mkono mmoja akiukinga juu pale ambapo mgeni anaweza kugonga kichwa. Akashuka Bwana Mkwe, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, aliyetajirika kwa kuchimba visima na ambaye viganja vyake bado vilikuwa na sugu. Nyuma yake akashuka Bi Mkwe, mwembamba, mpole, mtandio umemteleza kwa usingizi wa safari.

"Karibuni sana. Poleni na safari."

"Tumekwisha kupoa tulipokuona, mkwe!"

Lifti alikwisha kufika kwenye buti. Sanduku mkono wa kulia, sanduku mkono wa kushoto, begi dogo kwapani.

"Aa, mkwe, acha tusaidiane," alisema Bwana Mkwe.

"Hapana, hapana. Tafadhali, huku."

Mume wa binti alikuwa bado anasogeza gari kivulini. Binti alikuwa akimnyonyesha mtoto chumba cha pili, na mama hakutoka jikoni kwa kuogopa kuunguza. Kwa hiyo wakwe walimfuata Lifti peke yao. Akaweka masanduku juu ya benchi, si sakafuni. Akafungua pazia taratibu. Akawasha taa ya kitandani, akaizima. Akawaonyesha bafu, na katika bafu lile lilikuwapo bomba moja tu, la baridi, lakini hata hilo alilieleza. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mkihitaji chochote, sisi tupo."

Akanyamaza.

Bwana Mkwe akatabasamu. Lifti naye akatabasamu, asiondoke. Bwana Mkwe akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kile kiganja kilicho wazi, akamrudishia mumewe jicho, na katika jicho lile palipita mazungumzo marefu ya watu waliooana zamani. Bwana Mkwe akatia mkono mfukoni, akachambua, akatoa noti, akaiweka kiganjani.

Vidole vya Lifti vikafunga.

"Asante sana, mheshimiwa," alisema. "Mapumziko mema." Akatoka kinyumenyume, akauvuta mlango kwa upole mpaka ulipobana.

Alipiga hatua kadhaa ukumbini. Ukutani palikuwa na picha ya harusi ya binti yake, na ndani ya picha ile alikuwamo yeye mwenyewe, na tai, amesimama bega kwa bega na yule mtu aliyemwacha chumbani. Hapo ndipo akili ilipoufikia mkono. Akafungua kiganja akaiona noti, kama mtu anayeona kinyesi cha kuku katika sahani ya mgeni.

Dawa ya moto ni kuuwahi, aliwaza. Arudishe sasa hivi, waseme ni mzaha, wacheke. Akarudi. Akagonga mara mbili, kidogo, kwa kifundo cha kidole, kama walivyofundishwa.

Bwana Mkwe akafungua. Lifti akanyoosha kiganja, noti juu yake.

"Mkwe, samahani. Hii... hii haifai."

Uso wa mgeni ukaanguka. "Lo! Nisamehe, mkwe. Ni uchovu wa njia, akili haijatulia." Na kabla Lifti hajapata neno, noti nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, ikalazwa juu yake, na viganja vyenye sugu vikavikunja vidole vyake kwa heshima. Kutoka ndani sauti ya Bi Mkwe ikanong'ona, "Mwongeze na ile nyingine." Lifti akarudi nyuma akitikisa kichwa, na safari hii mlango ulifungwa na mgeni.

Mkewe alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji, ameinamisha kichwa.

"Mzee, wageni wamefika, wewe umekuja kuota jua?"

Akamweleza. Alidhani angecheka, kwa kuwa mama yule alikuwa na kicheko cha karibu. Hakucheka. Aliuliza neno moja tu.

"Ulisimama?"

"Umejuaje?"

Mama akajifuta mikono kwenye nguo yake. "Hata mimi ukiniletea chai unasimama. Nisiposema, 'Asante, Mzee, nenda kapumzike,' huondoki."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mkono ndio unaotulisha, nianze kuukosoa?"

Lifti alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya mkwe ilikuwa ya siku moja. Hii ya mke ilikuwa imekaa ndani ya nyumba miaka, inakunywa naye chai, na mwenzake ameibeba kimya kama mtu anayemfichia mgonjwa jina la ugonjwa wake. Aliikumbuka ile sauti, "nenda kapumzike", aliyokuwa akiipenda, akidhani ni huruma.

Wakakubaliana kufunika kombe. Pesa zile zingerudi siku ya kuondoka, zimefungwa pamoja na zawadi, na hakuna ambaye angejua. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutoka mlango wa mbele. Kabla chakula hakijaiva, binti aliingia jikoni, mtoto begani, uso umekaza.

"Baba, umewadai wakwe zangu pesa?"

"Nani kasema?"

"Mume wangu kaniita pembeni. Baba yake anauliza kama kwetu mgeni hulipia chumba. Anasema ulisimama mpaka akatoa, halafu ukarudi kusema haitoshi."

"Sikusema haitoshi."

"Ulisema nini?"

Lifti akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sufuria.

"Nilisema haifai," akajibu, na mwenyewe akasikia lilivyokaa vibaya.

Binti akakaa kwenye kigoda. "Mama mkwe hajakasirika, na heri angekasirika. Anatuonea huruma. Anasema huenda tumekopa ili tuwapokee wao. Mume wangu ametumwa dukani."

"Dukani kufanya nini?" aliuliza mama.

Jibu lilipita mlangoni likiwa begani kwa mume wa binti: gunia la mchele. Nyuma yake vikafuata dumu la mafuta na sukari. Kijana wa watu aliviweka sebuleni, karibu na kiti cha Lifti, bila kumtazama usoni. "Mama amesema tusije mikono mitupu," alinong'ona, akatoka haraka kama aliyevunja chombo.

Chakula kiliandaliwa. Mama alikuwa amepika kuku wa kutosha, wali umechambuka, mboga za namna tatu. Wakwe waliketi, wakasifu, kisha wakajipakulia. Na hapo Lifti aliona jambo ambalo hakulisahau. Bwana Mkwe, mtu wa mwili ule, aliyesafiri tangu alfajiri, alichukua vijiko viwili vya wali na shingo ya kuku. Bi Mkwe akachukua mboga, basi.

"Ongeza, mkwe," alisema mama.

"Nimeshiba kwa macho, dada yangu. Waachie watoto."

Watoto gani? Wa mwisho alikuwa chuoni, na aliyebaki nyumbani alikuwa hana hata jino. Walikuwa wanawabakizia wenyeji, wakiamini kwamba chakula kile ndicho cha wiki nzima. Bwana Mkwe akaitafuna ile shingo polepole, kwa adabu, mpaka mfupa ukang'aa.

Lifti alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa na miiba. Akinyamaza, ataondoka mezani akiwa mwombaji aliyewadai wakwe. Akisema, ataondoka akiwa mtumishi wa mkwe wake mwenyewe, ndani ya chumba chake mwenyewe, mbele ya binti yake. Aliitazama ile shingo ya kuku. Akaweka kijiko chini.

"Mkwe," alianza. "Sikukudai kitu."

Akaisogeza sahani yake kando.

"Mimi nachukua mizigo hotelini. Hilo mnalijua. Nikiingiza mgeni chumbani namwonyesha taa, namwonyesha maji, halafu nasimama. Ndivyo tunavyosimama. Leo nimekuchukulia mizigo, nikasimama. Sikuwa nasubiri kitu, wallahi. Au nilikuwa nasubiri, lakini si mimi, ni mwili tu umezoea. Uliponipa, mkono ukapokea. Nikakwita mheshimiwa kwa sababu ndivyo tunavyowaita."

Bwana Mkwe alikuwa ameacha kutafuna. "Kwa hiyo mimi... nimempa mkwe wangu bakshishi?"

"Ndiyo."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa nakurudishia ya kwanza."

Bwana Mkwe akapasuka kicheko, kikubwa, cha kutikisa vikombe. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake, kicheko kikamfia kooni. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Nimemlipa mtu nyumbani kwake." Bi Mkwe alijifunika uso kwa mtandio. "Na mimi ndiye niliyesema aongezwe," alisikika akisema humo ndani.

Binti aliinamisha uso. Alikuwa akimfuta mtoto mdomo, na mdomo wa mtoto ulikuwa mkavu.

Lifti akazitoa zile noti mfukoni akaziweka mezani. Bwana Mkwe akazisukuma kwake. Lifti akazirudisha. Zilikwenda na kurudi pembeni mwa bakuli la mboga, kila mmoja akizigusa kwa ncha ya kidole, mpaka mama akazichukua akazibana chini ya sahani.

"Zitakuwa za mtoto," alisema. "Na nyinyi mtakula sasa, maana sikusimama jikoni tangu asubuhi ili watu waje kula shingo." Akampakulia Bwana Mkwe mlima, mapaja mawili juu yake.

"Na mchele, mama?" aliuliza mume wa binti, akilitazama gunia.

"Mchele hauozi. Ukipenda urudi nao begani kama ulivyokuja."

Wakacheka wote hapo, hata Bi Mkwe chini ya mtandio. Lifti pia alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

Siku walizokaa wakwe zilikuwa za amani, na amani hiyo ndiyo iliyomchoma. Bwana Mkwe aliamua kumheshimu kwa nguvu zake zote. Lifti akiinuka kuchukua maji, Bwana Mkwe alikwisha kuinuka. Akishika birika, mwenzake analishika upande wa pili. "Kaa, mkwe, kaa! Leo ninakuhudumia mimi." Sahani yake alijipelekea jikoni mwenyewe, akagongana na mama mlangoni. Asubuhi moja alimkuta Lifti akipiga viatu rangi, viatu vyake yeye Lifti, akamsihi aache, akidhani ni vya wageni. Hakuna aliyemtendea ubaya. Lakini kila wema ulimkumbusha kwamba sasa hawawezi kumwona akinyanyua hata kikombe bila kumwona amevaa sare.

Siku ya kuondoka, Bwana Mkwe alibeba masanduku yote mawili mwenyewe, jasho likimtiririka, akayagongesha kwenye fremu ya mlango na ukuta. Lifti alisimama kando akiona kila kosa: sanduku zito linatangulia, begi linabebwa kwa kamba mbovu. Hakusaidia. Wakaagana kwa kukumbatiana. Gari likaenda.

Binti alibaki na mtoto kwa muda zaidi. Tangu siku ile ya mezani alikuwa akizungumza na baba yake mambo ya lazima tu: joto la mtoto, chumvi, funguo. Jioni hiyo, binti alipokuwa akiosha vyombo, Lifti alimfuata jikoni.

"Nimekuaibisha, mwanangu."

"Nimeona aibu, sikufichi." Hakugeuka. "Si kwa sababu ya pesa. Kazi yako ninaijua, ndiyo iliyonisomesha, nimeitaja mbele yao mara ngapi bila kuona haya. Ila ulivyomwita mheshimiwa. Mume wangu alipolirudia lile neno nilitaka kulia."

Lifti akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani zilizooshwa.

"Baba, nikikuuliza kitu utanijibu kweli?"

"Uliza."

"Nilipokuwa mdogo, ulikuwa ukiniletea maziwa kitandani. Ukishanipa, unakwenda mlangoni unasimama. Unasimama mpaka niseme, 'Asante, Baba.' Nilikuwa nachelewa kusema makusudi ili ukae. Nilidhani unasimama kuniangalia."

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki. Lifti alifungua mdomo upesi, kwa sababu jibu lilikuwa wazi na baba yeyote angelitoa.

"Nilikuwa nakuangalia," alisema.

"Kweli?"

Akajaribu kukiona chumba kile: taa ndogo, kikombe mikononi mwa mtoto, masharubu ya maziwa juu ya mdomo. Alikiona vizuri. Akamwona na binti yake mdogo kitandani. Lakini hakuweza kuona mkono wa yule mtu wa mlangoni ulikuwa umekaaje.

"Nadhani," alisema.

Binti akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kusuuza.

Lifti alirudi kazini zamu ya asubuhi. Hakuna lililobadilika hotelini. Basi la wageni lilikuwa limeshafika na vijana walikuwa wakigombania masanduku. Alibeba, akapandisha, akafungua mapazia. Alipokea alichopewa, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado ya kulishwa, ila sasa alipokea akitazama zulia, na mahali pa kunyamaza alikuwa akiondoka mapema, asikiweze tena kile kimya alichowafundisha wengine. Vijana waliulizana kama mzee wao anaumwa. Wageni wengine walibaki na mkono mfukoni, wakiutazama mlango uliokwisha kufungwa. Mkewe aliona jinsi mkoba wa sokoni ulivyoanza kuwa mwepesi, akapunguza nyama, akaongeza maharage, wala hakumuuliza kitu. Na siku alipomletea chai, aliiweka mezani akatoka chumbani harakaharaka, karibu kukimbia, kabla mkewe hajapata nafasi ya kusema asante.